Kwa Nini Mierezi ya Mineshita Imepinda Mguu

Leo mvua haitatuachia, kwa hiyo hakuna atakayepanda mlimani. Kaeni humu bandani, kila mmoja achukue mabua yake ya mpunga, ayaloweshe kidogo, asokote. Mikono ikishughulika masikio hubaki bure, nami nitayatumia. Jana mmoja wenu aliuliza mbele ya wenzake kwa nini amekuja Mineshita kujifunza kazi ya msitu, na tangu afike hajakabidhiwa msumeno, amekabidhiwa kamba. Mwingine akaongeza lake: kwa nini mierezi yetu yote imepinda pale chini inapotoka ardhini, mithili ya mguu wa mtu anayetaka kupiga magoti, kisha inanyooka mpaka juu. Wanafunzi wa kila mwaka huuliza maswali haya mawili, na kila mwaka hudhani kwamba ni mawili. Mimi Fusae nimeyajibu mpaka meno yameanza kunitoka, na jibu lake ni moja.

Zamani mwerezi haukuwa na mguu. Ulichomoza ardhini ukiwa wima, ukapanda juu ukiwa wima, na ungeweza kuuegemeza ubavuni mwa nyumba usione mwanga ukipenya kati. Na zamani hizo Theluji alikuwa mtu. Alikuwa mwanamke mkubwa, mzito, mpole, mwenye usingizi mwingi. Alikuja kila baridi ilipoanza, akitokea upande wa bahari, na aliondoka maua yalipokaribia. Hakulala chini hata siku moja. Alipanda juu ya mierezi ya kale, ile minene ambayo watu kadhaa walishikana mikono wakashindwa kuizunguka, akajinyoosha mabegani mwake, akasinzia. Chini yake palikuwa pakavu, na miche ilikua bila hata kujua kwamba huko juu kuna mgeni. Watu wa Mineshita walipita humo kuokota kuni wakinong'ona ili wasimwamshe. Hawakumwogopa. Walikuwa wamemzoea kama unavyomzoea jirani anayekoroma.

Basi bwana mmoja mkubwa wa huko bondeni akaanza kujenga ngome, na ngome ile ilitaka mihimili mirefu iliyonyooka. Akasikia habari za mierezi yetu. Watu wa Mineshita walikuwa hodari wa kuangusha miti, na hodari wao alikuwa Genba, mnyapara wa wakataji, mtu wa mabega mapana na maneno ya kuchoma. Mti ukiangushwa na Genba ulilala pale pale alipoelekeza kidole. Kijana akija kwake kutaka kazi, Genba alimpa shoka siku hiyo hiyo, maana hapakuwa na kitu kingine cha kumfundisha. Kupanda? Mierezi ilijipanda yenyewe. Kutunza? Nani aliwahi kuutunza mlima?

Wakakata. Walipotazama nyuma waliona imebaki mingi, wakakata tena. Ngome ilipokwisha likaja hekalu, na baada ya hekalu likaja daraja. Sitawadanganya kwamba walihuzunika. Walifurahi, na miaka ile walikula wali mweupe hata siku zisizokuwa za sikukuu. Halafu asubuhi moja wakatazama juu wakaona mlima ulio juu ya kijiji umekuwa visiki vitupu, na katikati ya visiki kuna miche isiyofika kiunoni. Genba akasema miche itakua, kwani ile ya kwanza nani aliikuza? Watu wakaona ana hoja.

Baridi ilipoingia Theluji akaja kama kawaida yake. Akapanda mlima akiwa amechoka kwa safari, akatafuta mahali pa kulala, asipate. Akazunguka kwenye visiki, akapapasa hapa na pale kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta vitu vimehamishwa. Mwisho akalala pale alipofikia, yaani chini, juu ya miche. Na mtu mzito akilala kwenye mteremko bila cha kushikilia, mnajua kinachotokea. Akiwa usingizini alijigeuza, akateleza, akashuka na ubavu mzima wa mlima.

Nyumba iliyokuwa njiani ilikuwa ya binti wa Bi Tsuyu, mama mmoja mkulima wa hapa kijijini. Binti na mumewe walikuwa ndani. Mtoto wao mchanga, Kaya, alikuwa kwa bibi yake siku ile kwa sababu mama alikuwa na homa na hakutaka kumwambukiza. Bi Tsuyu alisikia ngurumo, akatoka nje na mtoto mgongoni, akakuta nyumba ya bintiye haipo.

Alilia mpaka theluji ikaanza kuyeyuka. Kisha akambeba mjukuu wake akapanda mlimani kumtafuta Theluji, akamkuta ameketi kwenye bonde dogo lenye kivuli, amepungua, anajiandaa kuondoka.

"Umeniulia mwanangu," akamwambia.

Theluji akamgeukia. "Sikumwona. Nilikuwa nimelala."

"Mbona zamani ulilala usimuue mtu?"

"Zamani nilikuwa na kitanda. Mmekikata." Hakusema kwa hasira. "Mimi sina ugomvi na mtu, mama. Nitarudi baridi ijayo, nitachoka, nitalala. Pasipo na cha kunishika, nitashuka."

"Nikupe nini usishuke?"

"Miti. Kingine sikijui."

Bi Tsuyu angehamia wapi? Bonde lote la Mineshita limekaa chini ya mteremko ule ule, na kijaruba chake cha mpunga hakibebeki mgongoni. Alikuwa amebakiwa na mtu mmoja duniani, naye alikuwa mgongoni akinyonya kidole. Akatazama miche. Yote ilikuwa imelala chifudifudi, vichwa vikielekea bondeni, jinsi Theluji alivyoikandamiza. Haikuwa imekufa. Akauinua mmoja kwa mkono, ukasimama. Akauachia, ukalala tena.

Akarudi nyumbani kuchukua mabua ya mpunga, akayasokota kamba. Alizungusha kamba kwenye shina la mche, akauvuta taratibu kuelekea juu ya mteremko mpaka ukasimama, kisha akafunga ncha ya pili kwenye kisiki kilichokuwa juu yake. Ndivyo visiki vya wazee vilivyowashika watoto. Alifanya hivyo kwa mche wa kwanza na wa pili na wa tatu, na mgongo ukamuuma vibaya, na mlima ulikuwa bado mzima mbele yake.

Genba alipita njia akiwa na shoka lake begani ambalo sasa halikuwa na kazi. Akasimama kutazama.

"Bi Tsuyu, naona unafunga miti kama farasi wa mnadani."

"Ikitoroka nitakuita uifukuze," akamjibu, na hakuacha kufunga.

Kufikia majira ya kupukutika majani, kamba zote zilikuwa zimeoza na kudondoka. Bi Tsuyu alizitazama akaudhika. Baridi ikaja, Theluji akalala juu ya miche, akailaza tena. Majani yalipochipua, Bi Tsuyu akapanda na kamba mpya akaiinua tena. Ikawa hivyo mwaka hadi mwaka. Kila mwaka miche ililala kidogo kuliko mwaka uliotangulia, na kila mwaka ilipoinuka ilianza kwenda juu kutokea pale ilipokuwa imelazwa. Basi ikaota mguu. Genba aliuona mguu ule akacheka sana, akasema Bi Tsuyu anafuga miti vilema ambayo hakuna ngome itakayoitaka.

Lakini Theluji alipojigeuza usingizini, sehemu iliyofungwa na Bi Tsuyu hakuteleza. Alishika mabega yale madogo ya miche akatulia. Genba aliliona hilo pia. Mwaka uliofuata alikuja na wakataji wake, na kila mmoja alikuwa na mzigo wa mabua mgongoni. Wakachukua ng'ambo ya kijito kinachoshuka mlimani, upande ulio juu ya nyumba za kijiji. Bi Tsuyu akabaki na upande wa kwake, ulio juu ya nyumba yake.

Kaya alikua akitembea katikati ya kamba. Alijifunza kusokota kabla ya kujifunza kushika vijiti vya kulia chakula. Alijua ni mche gani wa kuvutwa kwa nguvu na ni upi ukivutwa hivyo utang'oka mizizi, na kwamba lazima uuinue polepole, uuache upumue, uuinue tena. Alipofika umri wa kuitwa msichana, wakataji wa ng'ambo walikuwa wakija kumwita awaonyeshe, kwa sababu mikono yao ilizoea shoka na kila walichokishika walikishika kama wanakiua.

Bi Tsuyu hakupenda. Kila Kaya alipovuka kijito, bibi alisimama mlangoni mpaka arudi. Alikuwa amezeeka, magoti yamekataa mlima, na hofu yake ilikuwa ile ile ya siku aliyotoka nje akakuta nyumba haipo. Tusimcheke. Ukishapoteza hivyo, hata mtu akienda kisimani unahesabu amechelewa.

Akawaza: kinachonitesha ni nini? Ni mabua. Mabua yanaoza, kazi inaanza upya, na mtoto lazima apande mlimani kila mwaka. Ningepata kamba isiyooza, ningefunga mara moja, yakaisha.

Nywele haziozi upesi. Akakata zake, zilizokuwa nyeupe na chache. Kisha akamwomba Kaya za kwake.

"Nikikupa hizi," Kaya akauliza, "kazi ya upande wetu itakwisha?"

"Itakwisha."

"Nitaweza kwenda ng'ambo?"

"Lete kwanza, mjukuu wangu."

Kaya alikaa chini akanyolewa. Nywele zake zilikuwa za kusifika, nyeusi na nzito, na zilikuwa na tabia ya kuota haraka, hata kila mwaka zikawa zinafaa kukatwa tena. Kwa miaka kadhaa alitembea amejifunga kitambaa kichwani, na vijana wa kijiji wakimuuliza kama amekuwa mtawa. Bibi yake alisokota kamba nyembamba zinazong'aa, akazifunga kwenye mierezi yote iliyo juu ya nyumba yao. Na kweli hazikuoza. Miche ile haikulala tena. Theluji aliisukuma, kamba zikaishika, hata mguu iliyokuwa imeuota ukavutwa ukanyooka, ikabaki wima kutoka ardhini hadi kileleni kama mierezi ya kale. Watu walikuja kuitazama. Hata Genba alisimama mbele yake akaisifu, na aliyemjua Genba ataelewa hilo ni jambo kubwa.

"Sasa kaa nyumbani," Bi Tsuyu akamwambia mjukuu wake. "Imekwisha."

"Ulisema nitakwenda ng'ambo."

"Nilisema ulete kwanza. Huko kuna mteremko mkali, na wale ni watu wa shoka."

Kaya alikaa. Alipika, alilima kijaruba, alisokota. Jioni alitazama ng'ambo ya kijito ambako wakataji walikuwa wakiinua miche yao iliyopinda, wakikosea, wakirudia. Hakulalamika, na bibi akachukulia kwamba ameridhika.

Mwaka fulani, majani yalipochipua, Kaya alipanda nyuma ya nyumba kuokota kuni. Akapitisha mkono kwenye shina la mwerezi mmoja akakuta uvimbe uliozunguka shina lote, na juu ya uvimbe na chini yake shina lilikuwa nene, lakini katikati palikuwa pamebanwa. Kamba haikuonekana. Gome lilikuwa limekwisha kuimeza. Akajaribu mwingine, akakuta vile vile. Akashuka mbio.

"Bibi, kamba zimeingia ndani ya miti. Tuzikate."

"Ziache."

"Zinaikaba. Mmoja mdogo bado kamba yake iko nje, ngoja niufungue."

"Ukifunguliwa utaanguka," Bi Tsuyu akasema.

Kaya akauliza, "Mti, au mimi?"

"Utaanguka," bibi akasema tena, na hata yeye mwenyewe hakujua anamsema nani.

Kaya hakubishana. Kesho yake aliamka mapema, akajitwisha mzigo wa mabua, akavuka kijito. Alirudi jioni, akapika, wakala. Siku iliyofuata akavuka tena. Bi Tsuyu alimsihi asirudi huko, akamwambia kwa upole, akamwambia kwa ukali, na Kaya kila asubuhi aliitikia "ndiyo, bibi" na kwenda zake. Hata kazi ya kamba ilipokwisha kwa mwaka ule, alikwenda kufyeka vichaka vilivyokuwa vikisonga miche.

Baridi ya mwaka ule Theluji alikuja amechoka kuliko alivyowahi kuchoka, na mzito kuliko alivyowahi kuwa mzito. Alijitupa mlimani mzima mzima. Mchana mmoja Kaya alikuwa ng'ambo na wakataji, wakikung'uta matawi ya miche iliyozidiwa. Bi Tsuyu alisimama mlangoni akatazama anga, akatazama mlima, na moyo ukamwambia mtoto arudi sasa hivi. Akachukua kamba. Nasema kweli, alichukua kamba ya nywele iliyobaki, akaifutika kiunoni, na kwa magoti yale mabovu akavuka kijito kwenda kumleta nyumbani, hata ikibidi amfunge.

Alimkuta chini ya mierezi iliyopinda. Alifungua mdomo kumgombeza, na hapo mlima ukatoa mlio.

Nyuma ya nyumba yao mierezi iliyonyooka ilikatika. Ulianza mmoja, kisha karibu yote kwa pamoja, kila mti pale pale kamba ilipokuwa, na ubavu wote wa mlima ukashuka. Nyumba ya Bi Tsuyu haikuonekana tena. Upande huu nao Theluji akaanza kuteleza. Kaya alimshika bibi yake, wakainama kwenye shina la mti, wakasubiri. Theluji alishuka mpaka kwenye mierezi vilema ya Genba, akaiegemea kwa uzito wake wote, nayo ikainama. Ilienda chini kutokea kwenye mguu, ikaenda chini zaidi, miti ikalia kama mlango wa zamani. Halafu ikakoma kushuka. Theluji akapumua, akajifunika vizuri, akaendelea kulala.

Katika kijiji kizima hakufa mtu. Nyumba iliyokwenda ilikuwa moja, nayo ilikuwa tupu kwa sababu mwenye nyumba alikuwa ametoka na kamba kwenda kumfunga mjukuu wake. Bi Tsuyu alilirudia hilo maisha yake yote na kila mara alilia.

Majani yalipochipua alimkuta Theluji kwenye bonde lile lile la kivuli. Safari hii hakumlaumu.

"Ile mizuri haikuinama," Theluji akasema, kama anayeomba radhi. "Niliigusa tu."

Katika mteremko uliobomoka ulikuwa umesalia mwerezi mmoja, ule mdogo ambao Kaya alitaka kuufungua. Bi Tsuyu akapanda mpaka hapo akishikwa mkono, akachukua mundu, akaukata kwa mkono wake ule ugwe wa nywele nyeusi. Mti ukayumba, ukaegemea upande wa bondeni. Kikongwe yule akaweka mundu chini.

"Utasimama," akasema.

Kaya akamtazama. "Mti, au mimi?"

"Utasimama," Bi Tsuyu akasema, na safari hii alijua.

Mwaka huo watu wa bonde la juu, ambao nao walikuwa wamekata mlima wao ukaisha, walituma mtu kuomba wafundishwe kuinua miche. Kaya akataka kwenda. Kazi yenyewe ni ya majira yote ya joto, mbali na nyumbani, kwenye miteremko ambayo bibi yake hajawahi kuiona. Bi Tsuyu hakumkataza. Alisokota kamba ya mabua ya mpunga, ya kawaida kabisa, akamfunga nayo kiunoni.

"Hii ni ya nini?" Kaya akauliza.

"Ni ya kwangu. Nimekushika. Itakapooza, basi."

Kaya alikwenda nayo. Aliinua miche akiwa nayo, akafyeka akiwa nayo, ikalowa mvua, ikakauka jua, ikaanza kunyambuka. Siku moja ya kupukutika majani aliinama kuinua kitu akasikia wepesi kiunoni, akatazama chini, akaiona majanini. Aliporudi Mineshita bibi yake alikuwa mlangoni mwa nyumba yao mpya. Macho ya Bi Tsuyu yalikwenda moja kwa moja kiunoni mwa mjukuu wake, yakakuta hakuna kamba. Kando yake palikuwa na mabua ya kutosha, makavu, tayari. Hakuyagusa. Alimkaribisha ndani akampakulia chakula, wakala, na nywele za Kaya zilikuwa zimefika mabegani.

Na tangu siku hiyo mierezi ya Mineshita ina mguu. Mche ukipandwa hapa hulazwa na theluji na huinuliwa kwa kamba ya mabua, kila mwaka, mpaka utakapompita Theluji kwa urefu, na mguu unabaki kuwa kumbukumbu ya miaka hiyo. Mafundi waliokuwa wakiucheka ndio sasa wanaoutaka, kwa sababu mhimili uliokatwa na mguu wake, ukiwekwa kwenye paa, hubeba theluji bila kuvunjika. Na hatukati mlima wote tena. Tunaukata mmoja hapa, mwingine kule, na tunaacha mingine minene Theluji apate pa kulala, na palipokatwa panapandwa kabla ya kisiki kukauka. Mti utakaouinua mwaka huu hutauangusha wewe. Ataukata mtu ambaye mama yake hajazaliwa, naye hatakujua jina, na hiyo ndiyo kazi mliyoijia.

Na tangu siku hiyo anayekuja kujifunza msitu hapa hapewi shoka wala msumeno wa mota siku ya kwanza. Anafungwa kamba ya mabua kiunoni na anayemfundisha, na kwa muda wote iko hapo, makosa yake ni ya mwalimu. Anajifunza kuinua, kisha kufyeka, kisha kupogoa, na mwisho kabisa kuangusha. Kamba ikikatika yenyewe haifungwi tena. Mwalimu anasema neno lile moja la Bi Tsuyu na kumwachia mlima. Nami nimewafunga wengi, na kila kamba inapokatika naumia kidogo, sioni aibu kusema.

Sasa sokoteni, mikono imelala. Isipokuwa wewe Mihoko, uliyekaa karibu na mlango ukijifunika koti na joto lote hili. Uliacha kazi ya benki mjini ukaja huku na viatu vya kung'aa, nikakufunga mwenyewe. Kamba yako ilikatika wiki iliyopita kule kwenye mteremko wa juu. Niliiona ikianguka, nikakuona unaiokota, unaipiga fundo, unatazama huku na huku kama mwizi wa mayai. Tangu hapo nimekuwa nikingoja uniambie. Najua kinachokutisha, kinanitisha na mimi.

Fungua fundo hilo, mwanangu. Utasimama.